Janti za Hassani

Wewe unayenisikiliza, janti za baiskeli, zile rimu za magurudumu, zikishika mawese, vumbi la barabara na ule weusi wa breki, ungeziosha na nini?

Mjukuu wangu Warda aliziosha na maji ya sude. Sude ni ile dawa kali tunayotia kwenye mawese ili yagande yawe sabuni, na kupika sabuni ndiyo kazi yake hapa Rumonge. Sufuria ya chuma iliyoungua, sakafu yenye mafuta, vyote anavimaliza na sude. Basi asubuhi ile mume wake Hassani alipopanda basi kwenda Bujumbura, Warda akaona ndiyo nafasi ya kumfurahisha. Lakini janti zile ni za alumini, si za chuma. Hassani alizitafuta muda mrefu mpaka akazipata, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini anazifuta na kitambaa ambacho hata mimi siruhusiwi kushika.

Nilikuwa barazani nachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nikasikia tsss, kama kitu kinakaangwa. Halafu kimya. Mara Warda akapita anaikokota baiskeli, kinga tunavyoiita hapa, akaiegemeza chumbani, akaifunika kitenge.

"Muke mwenzangu," nikamwita, maana kwa utani mimi na yeye tunagombania bwana mmoja, "hiyo kinga inasikia baridi?"

Hakucheka. Akakaa kunisaidia kuchambua, mawe akayaweka kwenye sahani, samaki akawatupa. Nikamwacha. Mtu mwenye mzigo rohoni humvuti mkono, unamkalia karibu tu. Akaenda kuinua kitenge, akarudi. Akaenda tena. Uji wa mtoto wake Nadia ukaungua.

"Nyanya," akasema mwishowe, "nimeziua."

Tukafunua. Janti zilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni.

"Zilichemka povu bila moto! Nilitaka ziwe safi upesi."

"Upesi wa nini, na bwana anarudi jioni?"

Akatazama chini. Nikajua iko jambo jingine nyuma yake, lakini sikuchimba.

Kwanza tuliondoa sude yote kwa maji mengi, Warda amevaa glavu zake za kazi. Kisha nikakata ndimu, tukasugua polepole na kipande cha kitenge kilicholainika kwa uzee, tukiingiza kidole katikati ya spoki, tukasuuza, tukakausha. Weusi ukatoka. Kumbe tangu mwanzo ingetosha sabuni yake mwenyewe na ndimu hiyo. Ila mng'aro haukurudi. Janti zilibaki zimepauka kama jicho la samaki aliyelala sokoni.

"Hataona," nikasema, nimpoze.

"Ataona, Nyanya. Na asipoona yeye, mimi nitakuwa naona kila siku."

Jioni Hassani akaingia. "Amahoro! Bibi yangu mukubwa hajambo?" Nikamjibu kuwa bibi mkubwa mzima, mdogo ndiye mgonjwa. Akacheka, akaenda moja kwa moja kwenye kinga yake, akapitisha kidole kwenye janti. Kicheko kikaisha.

"Mama Nadia, nilikuwa najiona sura humu. Sura yangu iko wapi?"

"Ni mimi, Baba Nadia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliosha na sude. Nilidhani alumini ni sawa na chuma. Halafu nikaifunika usione. Unisamehe."

Hassani akachuchumaa, akalizungusha gurudumu taratibu, akaliacha lisimame lenyewe.

"Na tangu lini wewe unaosha kinga? Toka nikuoe hujaigusa."

Warda akanitazama. Nikainamia ndagala zangu, nikatafuta mawe ambayo hayakuwepo.

"Nilitaka nikulainishe kwanza," akasema.

"Unilainishe kwa nini?"

"Unifundishe kuiendesha. Nataka sabuni yangu niipeleke sokoni Magara mwenyewe."