Farasi Sita na Pima Maji

Wiki nzima Cheche hakulala vizuri kwa sababu ya mashine moja ya pinboli, ule mchezo wa mpira wa chuma unaorushwa chini ya kioo, na mashine yenyewe hata haikuwa yake.

Cheche ni mchomeleaji. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, hiyo ndiyo kazi yake. Nyumbani ana chumba cha nyuma. Nusu ya chumba ni cherehani na vitambaa vya mkewe, na nusu nyingine alishaanza kuigeuza ukumbi wa michezo. Meza ya mpira wa vijiti ilikuwepo, kaichomelea mwenyewe. Ubao wa vishale ulikuwepo. Ilibaki pinboli tu. Tena hakutaka hizi za juzi zenye kompyuta, zinazopiga kelele kama simu ya mtoto. Alitaka za zamani, zile ambazo namba ya pointi ni gurudumu linalozunguka kweli, na kengele ni kengele kweli, inagongwa na nyundo.

Mkewe hakutia ngumu. Alitoa sharti tu.

"Moja, baba watoto. Na iwe ile ambayo mimi mwenyewe nitataka kuicheza. Siwezi kuhamisha meza yangu ya kukatia nikampisha mgeni asiyenisemesha."

"Utaipenda."

"Nitaipenda nikiipenda."

Basi hapo ndipo roho yake ilipokuwa juu. Maana Cheche alishachagua zamani. Alikuwa anaitaka ile ya farasi.

Ilikuwa kwenye stoo ya Mama Kengele, mwanamke mmoja mtu mzima aliyeendesha ukumbi wa michezo mpaka mwenye jengo akalitaka jengo lake aweke maduka. Mashine zake nyingi zilishaondoka. Zilibaki tatu: ya Roketi, ya Sarakasi na ya Farasi. Siku waliyopanga kwenda kuchagua, mchana wake mtu wa vyuma chakavu alikuwa anakuja na mkokoteni wake kubeba zitakazobaki.

"Chagua mapema, mwanangu," Mama Kengele alimwambia Cheche alipofika asubuhi, kabla ya mkewe. "Mimi sina nguvu za kuwaaga mmoja mmoja."

Akaifungua ile ya Farasi, akainua ubao wa kuchezea na kuuegemeza. Cheche aliinama akachungulia tumboni mwa mashine, akasahau kufunga mdomo.

Waya zilikuwa zimevishwa nguo, nyekundu, njano, kijani, zimefungwa pamoja kwa uzi kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Kulikuwa na koili za waya wa shaba zimejipanga kama askari. Kulikuwa na mota ndogo inayozungusha visahani vyenye meno, na kila jino likipita linasukuma kipande cha shaba, shaba inagusa shaba, na mbele huko kitu kinaruka. Hakuna kilichofichwa. Mpira ukigonga hapa, unaweza kufuata kwa kidole mpaka ujue kwa nini kengele imelia kule.

"Aliyetengeneza hii alikuwa na akili za wapi?" Cheche aliuliza.

"Za mikononi," Mama Kengele alijibu. "Na bado hujaona juu."

Juu, nyuma ya kioo, ndiko walikokuwa farasi. Sita, wadogo kama vidole, kila mmoja na rangi yake, wamesimama kwenye njia zao. Ukigonga shabaha nyekundu, farasi mwekundu anasogea hatua moja, *tak*. Ukigonga ya bluu, wa bluu, *tak*. Si picha. Ni farasi wa bati wanaovutwa na mnyororo. Cheche ameshachomelea mageti ya matajiri yenye maua na simba, lakini hapo alijiona kama mtu aliyekuwa anapiga misumari tu maisha yake yote.

Mama Kengele akafunga mashine, akasema anakwenda dukani kutafuta fyuzi, maana ya Roketi ilikuwa imekufa. Cheche akabaki peke yake na farasi wake.

Na mapenzi yakampeleka vibaya.

Aliona mashine imeinama. Nyuma iko juu, mbele iko chini, wazi kabisa. Sasa mchomeleaji ukimwonyesha kitu kilichoinama ni kama umemwonyesha mtoto anayetokwa makamasi, hawezi kupita bila kufuta. Akatoa kwenye mkoba pima maji yake, ile ya kupimia usawa, akaiweka juu ya kioo, kile kipovu kikakimbilia juu. Akasikitika. Mashine nzuri hivi, wameiacha ikae kama mlevi! Akashika spana, akalegeza miguu ya mbele akairefusha yote, ya nyuma akaifupisha, mbele akaongeza na vipande vya mbao. Jasho likamtoka. Kipovu kikarudi katikati, kikatulia. Akakifuta kioo kwa shati lake. Alipotaka kuhamia ya Sarakasi, akasikia pikapu inapiga honi nje.

Mkewe aliingia na kaka yake, mwenye pikapu, mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Shemeji," huyo akasema, "hii ndiyo imekukosesha usingizi? Mimi nilidhani una mwanamke."

"Nyamaza wewe," dada yake akamwambia. "Iko wapi?"

Cheche akamwonyesha farasi, akamwonyesha mpini wa kuvuta wenye springi, akamwonyesha vitufe viwili vya ubavuni vinavyopigisha vile vibawa vya chini vya kurudisha mpira. Mkewe akavuta mpini, akaachia.

Mpira ukapanda, ukazunguka, ukaingia uwanjani. Ukagonga kitu kimoja, *ding*. Kisha ukaanza kutembea polepole kama mgonjwa anayetafuta choo, ukafika katikati, ukasimama.

Wakausubiri.

"Unafanya nini huo?" mkewe akauliza.

"Unafikiria," shemeji akasema.

Mkewe akapiga vibawa, mpira uko mbali, hausikii. Akaisukuma mashine kwa nyonga, mpira ukajikongoja, ukasimama tena. Farasi hata mmoja hakusogea.

"Hii imelala, baba watoto. Nzuri, sikatai. Lakini imelala." Akaihama.

Akaenda kwenye Sarakasi. Hiyo mpira ulishuka kama umefukuzwa. Kengele zikalia, magurudumu ya namba yakazunguka, na yeye akaanza kupiga kelele, "Eee! Rudi! Rudi wewe!" Akacheza mara tatu. Jasho la pua likamtoka. Alipogeuka alikuwa anacheka.

"Nimepata. Pakieni."

Cheche na shemeji wakafungua miguu, wakaibeba Sarakasi, wakailaza kwenye pikapu juu ya godoro kuukuu, wakaifunga kamba. Ilikuwa mashine nzuri, hakuna ubishi. Lakini kila alipokaza fundo alihisi anajikaba mwenyewe.

Hapo Mama Kengele akarudi na fyuzi, na nyuma yake mtu wa vyuma chakavu anasukuma mkokoteni. Mtu huyo hakuwa na maneno. Alikwenda moja kwa moja kwa Farasi, akatoa spana kubwa, akaanza kuzipima nati za kichwa cha mashine.

Mama Kengele akasimama mlangoni, akainamisha shingo.

"Nani kainyoosha hii?"

"Mimi," Cheche akasema. "Ilikuwa imeinama."

"Imeinama!" Mama Kengele akashika kiuno. "Mwanangu, sasa mpira ushuke kwa nini? Kwa kukuonea huruma?"

Cheche akahisi masikio yamepata moto. Aliangalia nje. Mkewe alikuwa ameshapanda mbele ya pikapu, bado ana ile furaha usoni. Ilikuwa muda mrefu hajaiona furaha ya namna ile. Akienda kumwambia shuka ujaribu tena, ataonekana mtu asiyejua kushindwa. Na huenda akajaribu tena asiipende, akakosa vyote. Nyuma yake nati ya kwanza ikalia, *kriii*.

"Subiri, bosi!" akamwambia yule mtu. Akatoka mbio.

"Mama watoto, shuka. Nimeharibu mimi."

"Umeharibu nini?"

"Farasi. Niliwalaza mimi. Niliweka pima maji nikawanyoosha, na kile kitu kinatakiwa kuinama."

Mkewe alimwangalia. Shemeji aliweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika.

"Uliinyoosha," mkewe akasema, "kama geti."

"Kama geti."

"Mungu wangu, nimeolewa na nani mimi." Lakini akashuka.

Cheche akapiga magoti, akatoa mbao, akafupisha mbele, akarefusha nyuma, Mama Kengele akimwambia "bado, bado, hapo." Mtu wa vyuma alikaa kwenye mkokoteni wake akawasha sigara.

Mkewe akavuta mpini.

Mpira ukashuka kama mvua ya mawe. Nyekundu, *tak*. Bluu, *tak tak*. Ukamponyoka, akaudaka kwa kibawa, akaurusha juu, njano ikasogea, farasi wa njano akawapita wawili. Mkewe aliacha kupiga kelele. Alikaza midomo kama anavyokaza akipitisha uzi kwenye sindano. Nyekundu na njano walikuwa wanakwenda bega kwa bega, na mpira ukaanguka katikati ya vibawa, ukapotea.

"Nyekundu amenizidi kichwa," akasema polepole. "Kichwa tu." Kisha bila kugeuka: "Kaka, ishushe ile nyingine."

"Tumeifunga kamba nane!"

"Uliitwa ubebe, hukuitwa uhesabu."

Mtu wa vyuma akazima sigara, akasogea akaangalia kioo. "Huyo wa njano," akasema, "ana miguu." Mama Kengele akamwambia kama ana haraka ya kubeba kitu, kwenye pikapu kuna Sarakasi. Mtu huyo hakuondoka.

Cheche akanyoosha mkono ashike mpini. Mkewe akamchapa kofi la vidoleni.

"Wewe subiri. Mimi bado nina mipira miwili."