Filamu Aliyoitafsiri Bwana Shamba

Obed alikuwa bwana shamba wa Baleni kwa ajira, na mkosoaji wa filamu kwa kujiteua mwenyewe. Serikali ilimtoa Kasulu na kumleta Mafia ashughulikie minazi na mihogo, na kwa kuwa mnazi hauna haraka, alibaki na muda wa kutosha wa kukaa katika kibanda umiza cha Shaibu, akitazama filamu za kulipia. Wiki hiyo alikuwa ameona filamu mbili, moja ya vita na nyingine ya wizi wa benki. Zilimtosha kuwa mtaalamu.

"Vita vile ni vya uongo," aliwaambia watu kijiweni pa kahawa. "Wanaume wanapigana msituni kutwa nzima, hakuna aliyechimba hata muhogo mmoja. Wanakula nini? Na yule askari aliyetoa picha ya mchumba mfukoni, mimi sanda nilimkatia palepale."

"Na wale wezi?" aliuliza Mudrik, dereva wa bodaboda.

"Wale wana akili, ila wana mdomo. Chunguza vizuri. Mpango ukielezwa wote mwanzoni, ujue utaharibika. Wakinong'onezana usiwasikie, ujue watafanikiwa. Ningekuwa mimi mkuu wa polisi, ningekamata kila anayenong'ona."

Watu wakacheka. Obed, ambaye maishani hakuwahi kushika bunduki wala kuiba kitu zaidi ya usingizi kazini, akaona cheko lile ni haki yake. Akawageukia wafasiri wa Dar es Salaam, wale wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu. "Hao ndio wananiudhi. Mzungu anasema neno moja, wao wanatoa hotuba. Sisi tunaojua Kiingereza tunaumia."

Shaibu alikuwepo. Neno hilo akalitia kibindoni.

Jumapili alasiri Obed alipofika kibandani alikuta pamejaa mpaka mlangoni. Shaibu akamvuta pembeni.

"Bwana Shamba, niokoe. Filamu mpya imekuja na boti, vita na wizi humohumo. Lakini haikutafsiriwa! Na watu wameshalipa."

"Warudishie hela yao."

"Hela imeshakuwa dizeli, imo ndani ya jenereta. Si umesema unajua Kiingereza?"

Kiingereza cha Obed kilikuwa cha ripoti: mvua, mbolea, mavuno kwa ekari. Lakini ulimi ulishamponza, na kipaza sauti alikuwa ameshawekewa mkononi. Aliposimama kando ya televisheni akatazama watu, akamwona Mwalimu Goodness kwenye benchi la pili. Goodness alifundisha Kiingereza sekondari.

Filamu ikaanza. Askari wanne, nyuso zimejaa matope, wamemzunguka kamanda mwenye ndevu. Kamanda akaongea, tena kwa kirefu, bila kufungua meno. Obed akategea sikio mpaka shingo ikamuuma. Akaokota neno dhahabu, kisha Jumanne, mengine yote yakampita.

"Anasema kuna dhahabu," alitangaza. Kamanda bado anaongea. "Jumanne," akaongeza.

"Jumanne imefanya nini?" Aliyeuliza alikuwa Bibi Bimkubwa, mkulima wa mwani, mtu mzima anayependa habari ikamilike.

Hapo ndipo mwenye busara husema sijui. Obed alisikia kinywa chake kikijibu chenyewe. "Jumanne ni siku ya gulio, bibi. Maadui wote watakuwa gulioni. Benki itabaki na mlinzi mmoja, naye ana pumu."

Kibanda kikatulia kwa kuridhika. Naye akanogewa. Mlinzi wa pumu alipotokea akikimbia kama swala, Obed alisema amepata dawa. Mizinga ilipoanza kulia, akapaza sauti: "Kamanda anasema, adui ametuingilia kama batobato kwenye muhogo! Ukiung'oa mche mmoja ukauacha wa pili, umefanya kazi bure!" Wakulima wakashangilia, maana ugonjwa huo wanaujua.

Kisha askari mmoja mwembamba akapigwa risasi ya bega na kutumbukia mtoni. Obed akaona nafasi ya huzuni. Akamtangaza marehemu, akampa na wosia, kwamba shamba lake lote amemwachia dada yake aliyeachika. Bibi Bimkubwa akasema inna lillahi na kujifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Haukupita muda, marehemu akatoka mtoni, amelowa, anatafuta buti yake.

"Ebo! Huyu si amekufa?" Mudrik akapayuka.

"Huyo ni pacha wake," Obed akasema.

"Na tundu la risasi pia ni pacha?"

Bibi Bimkubwa akamgeukia Obed taratibu. "Mwanangu, mimi nimeshamwombea dua. Niambie kweli. Amekufa au hajafa?"

Kukidanganya kijiwe kizima ni kazi nyepesi, lakini macho yale yalikuwa bado yana machozi. Obed akashusha kipaza sauti. "Bibi, nisamehe. Nimemuua mimi. Tangu mwanzo nimesikia dhahabu na Jumanne tu."

Shaibu akajifunika uso. Kibanda kizima kikalipuka, watu wakapigana mabega kwa kucheka, mmoja akaanguka na benchi lake. Obed alimnyooshea Goodness kipaza sauti, naye akashikwa na kikohozi kikali akaashiria kwa mkono kwamba hawezi.

Bibi Bimkubwa ndiye aliyekata shauri. "Basi endelea wewe. Ila usiue mtu mwingine bila kuniuliza."

Akaendelea. Kila lilipotokea jambo zito alimgeukia bibi kwenye benchi la mbele, naye akaamua nani apone na nani aende. Mudrik akawa anawatungia wezi maneno ya kuambiana. Hakuna aliyetoka nje mpaka mwisho.

Goodness alimkuta Obed barabarani, masikio bado yamemwiva kwa aibu.

"Kile kikohozi," Goodness alisema, "kilikuwa cha uongo. Niliogopa kupewa kipaza sauti. Hata mimi sikuambulia kitu. Wale watu wanaongea kama wana kiazi cha moto mdomoni."

Obed akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akakumbuka jambo lililokuwa likimsumbua. "Hivi, Mwalimu, ile dhahabu mwishowe ilikwenda wapi?"

"Si ulisema wameitoa ili ijengwe zahanati?"

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na watu walipiga makofi."

Obed akatikisa kichwa, wakaenda zao kutafuta chai.