Ngozi Kwenye Sufuria ya Mayai

Baba alinipa banda moja tu, lile la nyuma ambalo paa lake huvuja karibu na mlango, na alinipa kwa sharti. Hekalu la Guanyin, mungu wa huruma, likiikubali ngozi yangu kwa mito yake ya kupigia magoti, banda litabaki langu. Likiikataa, shiitake, uyoga wetu wa kuuza, watarudi humo, nami nitarudi kufungasha uyoga pamoja na Shangazi A-kim, dada yake mkubwa.

"Umesoma kemia mpaka Taipei," Baba alisema, "ili uje kuotesha uyoga usio na kofia. Hata uyoga wenyewe unaona aibu."

Hoja yake haikuwa ya bure. Hapa Xinshe kila mtu hufanya juhudi uyoga uchipuke. Mimi nilifanya juhudi usichipuke. Nilijaza masinia unga wa mbao na pumba za mpunga, nikapanda lingzhi, uyoga mchungu wa dawa, nikafunga milango. Lingzhi ikikaa kwenye joto, giza na hewa nzito, haitoi kofia. Inatandaza nyuzi zake juu ya sinia mpaka zinakuwa utando mweupe, mnene kama blanketi. Utando huo ukibanduliwa, ukaoshwa, ukalowekwa dawa na kukandamizwa, unakuwa kitu kinachofanana sana na ngozi ya ng'ombe, ila ng'ombe hausiki.

Tatizo la kwanza lilikuwa Baba. Amelima uyoga maisha yake yote, na mkono wake hauwezi kupita penye mlango wa banda uliofungwa bila kuufungua. Kila asubuhi alifungua "wapumue kidogo", hewa safi ikaingia, na masinia yakachipua vidole vyekundu. Nikaweka kufuli, na ufunguo wa akiba akaudai yeye kwa ahadi ya kutoutumia. Akaniuliza kama nimeficha mwanamume mle ndani.

Tatizo la pili lilikuwa ngozi yenyewe. Ilikauka vizuri, lakini ukiikunja inapasuka kama biskuti. Nilibadilisha tanini ya kufungia nyuzi, nikabadilisha gliserini ya kuzilainisha, nikaongeza uzito wa kukandamizia. Kilichobadilika ni umbo la nyufa tu. Wakati huo Bwana Wei, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa hekalu, alikwisha kutangaza kwamba ataagiza mito mipya ya plastiki kabla ya sikukuu ya Guanyin, na sikukuu ilikuwa karibu.

Friji ya bandani ilipojaa, nilihamishia tando chache zilizooshwa kwenye friji ya jikoni. Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Shangazi hali nyama. Kwetu watu wanaoacha nyama wamekuwa mabingwa wa kuiiga: kuna bata wa soya, samaki wa mwani, mbuzi wa vikonyo vya shiitake. Mtu akikuta kwenye friji kipande cheupe chenye nyuzi, hajiulizi ni kitu gani. Anajiuliza ni mnyama gani.

Wakati wa chakula Baba aliinua kipande cha rangi ya kahawia kwa vijiti vyake. "Huyu nani?"

"Mbuzi," alisema Shangazi.

"Alikufa mwaka gani?"

"Kula wewe, acha maneno."

Baba akatafuna. Akahamishia shavu la pili, akatafuna tena. Alikunywa supu, lakini mbuzi hakwenda na supu.

"Dada," alisema kwa shida, "nadhani huyu ndiye ananitafuna mimi."

"Meno yako hayo. Nilikuambia uende kwa daktari."

Nilionja changu. Kilikuwa kichungu, na uchungu ule ninaujua: ni wa lingzhi.

"Shangazi, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye friji. Kwani ilikuwa ya nani? Nimeichemsha jana mchana kutwa, ikalala humo humo kwenye sufuria ya mayai ya chai. Ilikuwa ngumu, nikasema italainika."

Baba alikitoa kipande chake mdomoni, akakishika ncha mbili na kuvuta. Hakikukatika. Akakikunja. Hakikupasuka. Nilinyoosha mkono nikamnyang'anya.

"Hee! Hiyo imeshaingia mdomoni mwa mtu!" Shangazi alipiga kelele.

"Ndiyo sababu naitaka."

"Mwone huyu. Wenzake wanaleta wachumba nyumbani, yeye anakusanya mate ya baba yake."

Nilikikausha kile kipande na kukikunja tena na tena. Kilibaki kizima. Siku zilizofuata nilijaribu kimoja kimoja vitu ambavyo Shangazi huchemshia mayai yake. Chai ilifunga nyuzi, kama tanini yangu ilivyofanya, lakini polepole zaidi, hivyo ilipenya mpaka katikati. Sukari ya mawe ilishika unyevu. Mafuta yalilainisha. Kiungo cha anisi hakikufanya chochote zaidi ya kunukia. Nilimweleza Shangazi matokeo haya, akaguswa na jambo moja tu.

"Anisi haifanyi kitu? Kamwambie hivyo aliyenifundisha kupika."

Nilitwaa tando zilizokuwa zimebaki sufuriani, nikazikandamiza, nikashona mto mmoja, na ndani nikajaza utando mwingine usiokandamizwa, laini kama sponji. Tukaupeleka hekaluni mimi, Baba na Shangazi. Bwana Wei aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kisha akaunusa.

"Huu unanuka yai."

Shangazi alinifinya mgongoni. Lakini swali lilikuwa la ukweli na jibu lake lilijulikana.

"Ni kweli, mwalimu. Huu wa mfano ulipikwa kwenye sufuria ya mayai. Mingine itapikwa kwenye sufuria mpya."

"Guanyin hali mayai."

"Haambiwi aule. Watu watapiga magoti juu yake."

"Sasa unamfundisha mungu?"

"Nakueleza matumizi yake, mwalimu."

Baba alikohoa na kutazama dari. Bwana Wei alichukua vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili; vikirushwa, kimoja kikatua bapa juu na kingine mviringo juu, mungu amekubali. "Tutamuuliza mwenyewe," alisema. Akatazama mto wa plastiki uliokuwa mbele ya madhabahu, ambao nyufa zake hukata magoti, akaukwepa, akapiga magoti juu ya wangu.

Alirusha. Vyote viwili vilitua bapa juu.

"Anacheka," alisema Bwana Wei. "Hilo si jibu."

"Lazima acheke," alisema Shangazi. "Hukumtajia jina wala anwani. Atajuaje nani anaongea?"

Bwana Wei alitaja jina, anwani na shauri lililotuleta, akarusha. Mungu akacheka tena. Akauliza kwa maneno mengine, kicheko. Wanawake wawili waliokuwa wanapanga matunda waliacha kupanga. Bwana Wei alipangusa jasho, akauliza kwa sauti, "Je, harufu hii inakuchukiza?" na akarusha. Vyote viwili vilitua mviringo juu.

"Hapana," alisema. "Basi. Amekataa."

Nilimwona Baba akipapasa mfuko wenye ufunguo wa akiba wa banda.

"Amekataa nini?" Shangazi alisogea mbele. "Umeuliza kama inamchukiza. Kasema hapana. Haimchukizi!"

"A-kim, mimi nimekuwa mwenyekiti hapa tangu..."

"Na mimi nimekuwa na masikio tangu kuzaliwa."

Kimantiki Shangazi alikuwa sahihi, na nilisema hivyo. Bwana Wei alisema mantiki haina kiti katika kamati. Akauliza upya, akarusha, mungu akacheka. Walibishana juu ya swali lifuatalo, yeye akiwa bado amepiga magoti, mpaka mmoja wa wale wanawake akasema wakubali tu kwamba leo Guanyin amefurahi. Bwana Wei alikata tamaa, akaweka mbao mezani na kusimama.

"Mwalimu," Baba alisema taratibu, "umesimama."

"Ulitaka nilale hapa?"

"Umesimama peke yako. Sikukuu zote tunakuinua watu wawili, mmoja huku, mmoja huku."

Bwana Wei aliyatazama magoti yake kama wanafunzi waliofaulu mtihani bila ruhusa. Niliuokota mto, nikaukunja pale alipokuwa amekandamiza. Hapakuwa na ufa. Alama za magoti zilikuwa zinajaa polepole. Nilimpa autazame, naye aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyounusa.

"Pika mingine," alisema mwishoni. "Bila yai."

"Na jibu la mungu?" niliuliza, kwa kuwa utaratibu haukuwa umekamilika.

"Mtu anayekucheka namna ile hajakufukuza."

Kuhusu vicheko vya mungu sina data za kutosha. Kuhusu magoti ya Bwana Wei ninazo.

Tuliporudi, Baba alitangulia kwenye banda la nyuma. Mkono wake ulikwenda kwenye kufuli kabla hajafikiri, ukasimama hapo. Akautia mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba, akanikabidhi.

"Sifungui," alisema. "Lakini wakikosa hewa humo, mimi simo."

Shangazi alikuwa amekwisha kushika njia ya dukani kutafuta sufuria mpya. Aligeuka na kupaza sauti kwamba anisi ataweka, data zipende zisipende.