Mlango wa Watu Wawili

Kama kuna mtu Kasulu nzima aliyezaliwa amechoka, ni Hilali muuza vitenge. Ukimuuliza hali asubuhi anakujibu "tunajikongoja," na ikifika saa sita mchana utamkuta kalala juu ya majora, mdomo wazi. Siku ya Idi ndiyo usiseme: akishakula pilau analala mpaka alasiri, na ole wake atakayemwamsha.

Juzi, siku mbili kabla ya Idi, fundi Pasikali alikuja kumpakia chokaa dukani.

"Mwakeye, mzee. Naanza na chumba cha nyuma," akamsalimu kwa Kiha, akatua ndoo.

Hilali hakuwa ameingia chumba hicho tangu kaka yake, Twalibu, ahame Kasulu; mwaka juzi walimzika. Zamani kilikuwa chumba chao cha gemu: televisheni moja ya chogo, mashine moja ya kaseti, pedi mbili, na foleni ya watu hadi barabarani. Kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Mashine yenyewe haikuwa na kumbukumbu. Ukimaliza hatua inakupa namba, na ukiipoteza namba hiyo umerudi mwanzo. Twalibu alikuwa akiziandika ukutani kwa mkaa, kwa tarakimu za Kiarabu walizofundishwa madrasa, ili wateja wasimwibie.

Namba ya mwisho ilikuwa ya mlango. Mbele ya mlango huo kuna mawe mawili, na haufunguki mpaka watu wawili wasimame juu yake kwa pamoja. Siku walipoufikia, umeme ukakatika.

"Tutamalizia kesho," Hilali akasema.

Kesho yake alikuwa amechoka. Baadaye Twalibu akahamishia biashara yake Kibondo, na kila akipiga simu aliuliza, "Mdogo wangu, nije tumalize?" Jibu halikubadilika: kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunaambiwa, ila hatuambiwi matumbo ya nani.

Sasa Hilali aliutazama ukuta, akamwambia Pasikali angoje kidogo. Chini ya namba ya mlango paliandikwa miaka sita, mmoja chini ya mwingine, na kila mwaka pembeni yake neno Idi. Mwandiko ulikuwa wa Twalibu.

"Nini hii?"

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amesimama na ufagio. Akauegemeza mlangoni.

"Shemeji alikuwa anakuja, Baba Asmahani. Anaswali Kibondo, anafika hapa wewe umeshalala. Anawasha mashine, anafika kwenye mlango wake huo, anakaa hata nusu saa. Nikitaka kukuamsha ananikataza. 'Mwache apumzike, amechoka.' Anaandika mwaka, anawahi gari."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakwambia shemeji kapita kutoa mkono wa Idi. Hukuuliza alikaa muda gani."

Maneno yale yalimchoma, na mbele ya fundi aliona haya. Alifuta vumbi kwenye mashine, akachomeka waya. Picha haikuja. Akaichomoa kaseti, akaipuliza mara tatu, akairudisha. Akaingiza namba moja moja huku akiusoma ukuta, mpaka wakatokea watu wawili wadogo mbele ya mlango, mmoja wa bluu, mmoja mwekundu. Hilali alishika pedi ya pili, kama alivyozoea, akamweka mwekundu juu ya jiwe moja. Ya kwanza ilibaki kwenye kiti, na yule wa bluu akasimama pale pale.

"Shika hiyo," akamwambia mkewe.

"Mimi najua nini mambo hayo?"

"Msogeze tu mpaka kwenye jiwe."

Mwanahawa akamsogeza. Mlango ukafunguka. Ndani yake kulikuwa na fataki tatu, maneno ya hongera na kamuziki kafupi, kisha mashine ikarudi mwanzo.

"Ndiyo hii tu?" Mwanahawa akauliza.

"Ndiyo hii tu."

Hilali akatazama saa yake. Tangu apulize kaseti hazikuwa zimepita dakika tano. Akakaa chini sakafuni akalia kwa sauti, mzee mzima, na Pasikali akainamia ndoo akawa anakoroga chokaa ambayo ilikuwa imeshakorogeka.