Mparachichi wa Shangazi Anésie

Shangazi Anésie alikuwa na maneno machache ya Kiingereza, na mengi alikuwa akiyamalizia kwa mbwa wa jirani. Ndiyo maana alipotaka mahali pa kulima, mdomo wake nikawa mimi, Ntwari.

Mwenye ardhi alikuwa Mzee Oyewole, Myoruba kutoka Nigeria, mstaafu mwenye uwanja mpana nyuma ya nyumba yake hapa ugenini, Blacktown. Nusu ya uwanja alilima viazi vikuu, na baridi ikivikataa alivigombeza kama watoto waliofeli. Nusu nyingine akampa shangazi bure, kwa sharti moja: apande chakula tu. Shangazi akaniuliza kwani mzee alidhani yeye atapanda matofali.

Walipatana kuliko wanandoa wengi ninaowajua. Kila mavuno shangazi alimpelekea maharage kumshukuru. Mzee aliyapokea akitabasamu, maana kwao aliyepewa shamba hupeleka mavuno kukiri ardhi ni ya nani. Kila mmoja alifurahi kwa sababu yake.

Kisha shangazi akapanda mparachichi. Aliuotesha kwenye mkebe wa maziwa, dirishani jikoni. Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi tulikoishi kabla ya kuja huku, tulipanda vya kuvuna upesi. Mti ulikuwa wa mtu asiyehama. Huu aliuchomeka upande wa mzee, zawadi, ili aje ale matunda.

Mzee hakupiga kelele. Alituita, akatueleza habari za kijijini kwao. Wageni walimwomba baba yake pa kulima mahindi, wakachomeka mikakao katikati. Ilipokomaa, wazee wa kijiji wakaamua mti ni wa aliyeupanda, na ardhi ikaufuata mti. Baba yake alikufa akikodi shamba la babu yake mwenyewe.

"Muulize," akaniambia. "Anayepanda mti si anataka kubaki?"

Nilimtafsiria shangazi, nikamnong'oneza aseme ni pambo, aseme ni kivuli, aseme hata shetani alimpitia.

Shangazi akamtazama mzee. "Ndiyo, baba. Nataka kubaki. Nilidhani utafurahi."

Alisema akiitikia kwa kichwa, na hicho kilimtosha mzee. Kazi yangu ya ukalimani iliishia hapo.

Mzee aliung'oa mwenyewe, polepole, pamoja na udongo wake, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili. Akasema shangazi avune maharage yake kwanza, ndipo aondoke. Shangazi hakungoja. Aliyang'oa yakiwa bado na maua, akayalaza kando ya uzio.

Sisi tunakaa ghorofani. Nikamtania kwamba mti tutauweka bafuni, tuoge nao kwa zamu. Hakucheka. Aliuweka kwenye ndoo pale roshani, juu ya maegesho ya magari, na joto la Januari likaumaliza.

Ile nusu ya uwanja mzee amepanda nyasi. Huzikata kila Jumamosi, akazitia kwenye pipa la taka.