Bunduki Zilizofaulu Jaribio

Katika kundi la simu lililojiita Wapenda Chuma, neno la Fundi ndilo lililokuwa la mwisho. Humo walikuwemo watu mia mbili na ushee: mwalimu wa fizikia, muuza miwani, dereva wa kreni, daktari wa meno mmoja mwenye ulimi mkali, na wengine chungu nzima ambao bunduki waliijua kwa picha tu, ila ukiwasikia wakibishana utadhani walizaliwa handakini. Fundi peke yake ndiye aliyezijua kwa mikono. Miaka thelathini na moja sasa alikuwa kwenye karakana ya kikosi, akifungua na kufunga zile bunduki fupi za askari wa miguu, mpaka mkewe akawa analalamika kwamba hata usingizini vidole vyake vinafungua kitu.

Basi siku ulipovuja mpango wa maboresho, kundi liliwaka moto. Jeshi lilitaka kuzibadilisha bunduki zile kwa awamu. Kwanza mtutu mnene zaidi, usiochemka upesi, pamoja na springi mpya, ngumu zaidi, ya kile kikucha kinachong'oa ganda baada ya risasi kutoka. Kisha kishikio kipya cha mbele. Halafu, miaka ya mbele huko, darubini yenye kompyuta ndani, ya kumpigia askari hesabu ya umbali.

"Betri ikiisha, atalenga kwa dua?" aliandika daktari wa meno.

"Kila baada ya miaka michache wanatuletea ndoto mpya," mwalimu akadakia. "Mzee Grisi, hebu sema wewe."

Mzee Grisi ndiye Fundi. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, huku akitabasamu peke yake kochini: "Bunduki hii haina ugonjwa. Wagonjwa ni wanaoishika." Weee! Vicheko na makofi vikamiminika mpaka simu ikapata joto.

Binti yake alikuwa nyumbani kwa likizo wiki hiyo. Koplo mzima, cheo begani, lakini pale nyumbani aliitwa Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kufunga mdomo. Alichungulia simu juu ya bega la baba yake, akasoma, akaguna.

"Baba, hawa marafiki zako wanakudanganya. Ukipiga magazini tatu za haraka haraka, ya nne inakwama. Ganda linang'ang'ania ndani, halitoki. Na si yangu tu."

"Mnasafisha?"

"Tunasafisha!"

"Kusafisha kwenu nakujua. Kitambaa juu juu, kama mtu anayefuta meza mgeni ameshafika mlangoni."

"Mimi bunduki yangu naisafisha kuliko meno yangu, Baba."

"Basi meno yako yana hali mbaya," alisema Fundi, na mama mtu aliyekuwa akikunja nguo akacheka mpaka akaketi.

Chiriku naye alicheka, lakini hakuacha. Alisema atajaza kadi ya matunzo kila akisafisha, tarehe na saa, halafu amletee baba yake aisome mwenyewe. Ilete, Fundi akamwambia. Ndani ya moyo wake alikuwa ameshakata shauri: bunduki ni nzima, watoto wa siku hizi ni wavivu. Ndivyo alivyomhukumu mwanawe, jamani, akiwa amekaa kwenye kochi.

Mwezi uliofuata ikaja barua. Kamati ya maboresho ilitaka bunduki kumi za zamani zipambanishwe na kumi zilizoboreshwa, na Fundi ndiye wa kuzitoa ghalani. Barua ilisema wazi zitolewe jinsi zilivyo, zisiguswe.

Zisiguswe! Mwambie mama asimfute mwanawe kamasi mbele za watu. Fundi alizipanga kumi zile juu ya meza yake, akafungua ya kwanza, akabonyeza springi ya kikucha kwa dole gumba. Ikanywea. Ya pili vilevile. Zote kumi zilikuwa zimechoka. Mtu mwingine hapo angeshtuka, akajiuliza hali ya mamia yaliyokuwa mikononi mwa askari. Fundi yeye aliona aibu tu, aibu ya fundi ambaye kazi yake itaonwa na wageni ikiwa chafu. Kwenye droo zilikuwa zimebaki springi mpya, kumi kamili, na maombi ya nyingine yalikuwa hayajajibiwa tangu mwaka juzi. Akazitia zote. Akapaka mafuta, akafunga, akaosha mikono akaenda nyumbani na moyo mweupe. Haki ya nani, hakuona kama amedanganya mtu. Kwake yeye hiyo haikuwa kugusa, ilikuwa ni adabu.

Uwanjani kila bunduki ilipiga risasi elfu mbili. Zilizoboreshwa hazikukwama. Za zamani nazo hazikukwama, hata moja, hata mara moja. Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti akauliza sasa tunabadilisha kitu gani, na mpango ukasogezwa mbele miaka mitano. Wapenda Chuma walisherehekea kana kwamba wameshinda vita. Daktari wa meno aliweka picha ya Fundi aliyomchorea taji kichwani, na Fundi akaituma picha ile kwa Chiriku. Chiriku alijibu kwa maneno mawili tu, "Hongera, Baba," yeye ambaye kwa kawaida salamu tu ilikuwa ukurasa mzima.

Miezi saba baadaye askari wawili waliovaa sare safi walisimama mlangoni asubuhi, na mke wa Fundi akaanza kupiga kelele kabla hawajafungua midomo.

Chiriku na wenzake wanne walikuwa wakilinda daraja. Mwenzake aliyepona ndiye aliyekuja msibani kueleza, mkono ukiwa kwenye bandeji, macho chini. Alisema Chiriku alipiga magazini tatu kuwazuia adui ili wenzake wavuke. Ya nne ikakwama. Alikuwa amepiga goti, anasukuma ganda kwa ufito wa kusafishia, anaongea peke yake, "Toka basi, toka basi," risasi ilipompata.

Wiki ya pili baada ya maziko, bunduki yake ililetwa karakana, imefungwa kwenye turubai, na kadi yake ya matunzo imebandikwa kitakoni. Meja alitaka kumpa fundi mwingine. Fundi akakataa katakata.

Kadi aliisoma kwanza. Mwandiko wake ule ule wa kukimbia, kila siku, siku nyingine mara mbili. Ya mwisho ilikuwa asubuhi ya siku ile ile. Kisha akafungua bunduki. Ilikuwa safi. Masizi ya magazini tatu tu, basi. Kona zote ambazo wavivu huziruka zilikuwa zimepitiwa. Akafika kwenye kikucha. Alikaa muda mrefu kabla ya kubonyeza springi, maana alijua. Ikanywea chini ya dole gumba. Akaweka kichwa juu ya meza, katikati ya vyuma, akalia kwa sauti, na vijana wa karakana wakatoka nje mmoja mmoja.

Meja aliingia baadaye na fomu ya kueleza sababu ya bunduki kukwama.

"Mzee, andika mchanga. Mchanga haukosekani. Hakuna atakayeuliza zaidi."

"Mchanga unaingia kisanduku gani, afande?"

Wote wawili walikijua kisanduku hicho: matunzo ya mtumiaji. Ukiandika mchanga, umeandika kwamba Chiriku alikufa kwa uvivu wake.

"Na ukiandika springi," Meja akasema kwa upole, "watauliza za kwenye jaribio zilikuwaje. Unanielewa, mzee wangu? Utashtakiwa. Miaka thelathini na moja hii yote itasahaulika."

Fundi alichukua fomu akaenda nayo nyumbani. Njiani alifungua simu, akawaandikia Wapenda Chuma ukweli wote: springi zilizochoka, kumi alizozibadilisha, mpango uliokufa, mwanawe. Pole zikaja, nyingi, na machozi ya kuchora. Kisha muuza miwani akaandika, "Pole sana Mzee Grisi, lakini tuseme kweli, muundo wa bunduki wenyewe hauna kasoro, ni suala la vipuri tu." Dereva wa kreni akamuunga mkono. Mwalimu akaleta takwimu. Haikupita nusu saa walikuwa wanabishana kuhusu unene wa mtutu, na Chiriku ameshasahaulika. Fundi akajitoa kwenye kundi.

Mkewe alikuwa sebuleni, kanga begani, televisheni imezimwa. Fundi aliketi mbele yake, akajaza fomu pale pale, kisha akamsomea. Alisoma polepole. Kwamba silaha ilikuwa safi na imepakwa mafuta inavyotakiwa. Kwamba mtumiaji alitimiza wajibu wake wote. Kwamba springi ya kikucha ilikuwa imekwisha nguvu, na ganda likabaki ndani. Kwamba yeye, mtoa taarifa, alitia springi mpya kwenye bunduki za jaribio kinyume cha maagizo, na kwa hiyo kamati ilidanganyika.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Zilikuwa kumi?" akauliza.

"Kumi."

"Na mwanangu alihitaji ngapi?"

Fundi akaonyesha kidole kimoja.

Mama Chiriku alikitazama kidole kile. Kisha alichukua fomu, akaikunja vizuri, akamrudishia mkononi.

"Ipeleke leo," alisema. "Wajue mwanangu hakuwa mvivu."

Fundi alisimama. Alifika mlangoni akangoja, pengine atamwita, pengine atamtukana, hata tusi angelipokea kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa ameshamgeuzia mgongo. Akafungua mlango, akaenda.