Mia na Ishirini na Tano ya Nini

1.

(Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati la jikoni, nyumbani kwa Bibi Sekela, Tukuyu. Mwandiko ni wa mkwe wake, Mwalimu Ezelina.)

MAMA, MIZANI IMEVUNJIKA. TUMIA KIKOMBE CHEUPE KILICHOANDIKWA 125.

Unga wa sembe gramu 125 = kikombe 1
Mchele gramu 125 = kikombe 1
Maziwa gramu 125 = kikombe 1

Mchana: ugali wa Tuse ni kikombe 1 cha unga. Upike kwenye sufuria yake peke yake, aumalize wote.
Sindano: uniti 6. Anajichoma mwenyewe, wewe mtazame tu.
Vijiti vya kupimia damu vimebaki viwili. Cha jioni na cha kesho asubuhi. Msivitumie mchana.

UNGA UFUTE KWA KISU. USIWEKE KILIMA.
Nakuomba mama.


2.

KLINIKI YA WATOTO WENYE KISUKARI
TANGAZO KWA WAZAZI NA WALEZI

(a) Chakula cha wanga kipimwe kwa gramu kabla ya kupikwa.
(b) Dozi ya insulini hufuata kiasi hicho. Insulini ikizidi chakula, sukari ya mtoto hushuka.
(c) Dalili za kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, ukali, usingizi usio wa kawaida.
(d) Mtoto anayeweza kumeza apewe sukari mara moja. Asiyeweza kumeza asilishwe kitu, awahishwe hospitali.
(e) Maswali yote yaelekezwe dirisha namba 4, saa mbili hadi saa sita.


3.

Ezelina ndiye mimi. Nafundisha hisabati darasa la sita, na wewe unayesoma usinicheke mapema.

Mizani ilianguka Ijumaa. Semina Mbeya ilikuwa Jumatatu, siku mbili, na kukataa semina kwa mkuu wetu wa shule ni kutafuta ugomvi. Baba Tuse yuko mgodini, anarudi mwezi wa tisa. Nikampeleka mtoto kwa bibi yake. Usiku wa Jumapili nikakaa na kile kikombe mkononi. Kimeandikwa 125 chini, namba ileile ninayompimia kila siku. Nikaona Mungu kanionea huruma.


4.

(Semina, Mbeya. Chakula cha mchana, saa saba na dakika arobaini. Mwalimu Skolastika, anayeoka keki za kipaimara, amekaa mkabala na Ezelina.)

— Sasa bila mizani mtoto anakulaje?
— Nimepata kikombe cha mia na ishirini na tano. Kabisa kabisa.
— Mia na ishirini na tano ya nini?
— Ya unga.
— Hapana, mwalimu. Mililita au gramu?
— Si ni ileile?
— Ya maji ni ileile.
— Na ya unga?
— Unga mwepesi, Ezelina. Kikombe hicho ukikifuta juu, hakifiki gramu sabini.


5.

Maji.


6.

gramu 125 → uniti 6
gramu 65 → uniti 3 na kidogo

6 − 3 =


7.

Namba unayopiga haipokelewi. Tafadhali jaribu tena baadaye.


8.

Mimi Tusekile, nina miaka kumi. Nimejichoma tumboni upande wa kushoto kwa sababu jana ilikuwa kulia. Bibi aligeuza uso, anaogopa sindano, mimi siogopi. Ugali nimeumaliza. Nimepangusa sufuria kwa kidole.

Mikono yangu inacheza. Nilitaka kumwambia bibi lakini anachambua maharage huko uani na mimi naona uvivu hata wa ku


9.

Nieleze kuhusu kilima, maana sasa kila kitu kipo hapo.

Mama mkwe wangu hajui kupima kwa kufuta. Kwake kikombe kinajazwa mpaka unga unasimama juu, unaporomoka pembeni, kisha anaongeza kidogo cha mkono. Kumpimia mtu kikombe cha kufuta ni kumwambia ale aondoke. Mwaka jana, wiki ya kwanza Tuse ametoka wodini, nilimkuta anampimia hivyo. Nilimnyang'anya kikombe mbele ya majirani zake. Nilimwambia, mama, unataka kuniulia mtoto kwa huo ukarimu wako? Alikung'uta unga kwenye kanga yake, akaingia ndani. Tangu hapo tunasalimiana vizuri mno, kama watu wa benki.

Nimemuuliza Skolastika: na kikombe hicho kikijazwa kilima? Kilima hasa, cha mama mtu mzima?

Ameshika kalamu, amefikiri. Labda gramu mia, amesema. Mia na kitu.

Mia inatosha. Mia ni kutetemeka kidogo, ni jasho kidogo, atasema bibi nina njaa, atapewa ndizi.


10.

Bwana, wewe unajua nimemsema yule mama. Nimemsema kwa mume wangu, kwa dada zangu, mpaka kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Leo naomba jambo moja. Awe hakunisikiliza. Awe ameiona ile karatasi akasema huyu mkwe wangu na makaratasi yake, akajaza kilima. Amina.


11.

Namba unayopiga haipokelewi.
Namba unayopiga haipokelewi.
Namba unayopiga


12.

Naitwa Sekela. Nimelea watoto saba na mjukuu huyu namlea kwa siku mbili tu, kwa hiyo sitaki makosa.

Mtoto kala vizuri. Baadaye nikamkuta kwenye mkeka ananuna, nikimgusa anautupa mkono wangu. Hasira za shuleni hizo. Akasema anasikia usingizi. Nikamfunika, ingawa naona anatoka jasho, leo kuna joto. Simu ikaanza kelele zake. Nikaitia chini ya mto ili isimwamshe, nikarudi kwenye maharage.


13.

(Korido ya ukumbi wa semina. Sauti za watu wanaopita.)

— Huyo mwalimu anapiga simu gani bila kukoma?
— Mwanae anaumwa.
— Si aende?
— Tukuyu, mpaka afike


14.

Saa nane na dakika kumi na nane. Mara ya kumi na tisa.

— Haloo?

— Mama. Mama shikamoo. Tuse yuko wapi?

— Marahaba mwanangu. Mbona unahema? Nimekuja kuangalia saa tu, nikakuta simu inatetemeka. Amelala.

— Amelala tangu saa ngapi?

— Si muda. Ameshiba, amelala.

— Mama, nakuuliza kitu, nijibu kweli, sitakasirika. Naapa. Ule unga uliujaza kilima?

Nasikia anavuta kigoda, anakaa.

— Mama?

— Ezelina, kweli mimi nikujazie kilima? Baada ya yale ya mwaka jana? Nimefuta kwa kisu. Nimefuta mara mbili, mwanangu. Nikaona hata kikombe kinanionea haya, lakini nikasema hapana, huyu mama yake anajua. Nimefuata kila kitu ulichoandika.


15.

Kila kitu.


16.

— Mama, mwamshe.
— Sasa hivi?
— Sasa hivi. Mtingishe. Mwite jina.

Tuse. We Tuse. Tusekile, mama anakuita.

— Amefungua macho. Ananung'unika tu. Mwili wote umelowa, Ezelina, kwa nini amelowa hivi?
— Anameza? Mtie tone la maji mdomoni uone.
— Ngoja… Anameza.
— Sukari. Koroga sukari kwenye maji, mkalishe, mnyweshe kidogo kidogo. Ukiona hamezi tena, acha hapo hapo, piga kelele majirani waje na gari.
— Vijiko vingapi? Ngoja nitafute kisu. Nifute au—
— Usipime, mama.
— Si ulisema
— Nilikosea mimi. Karatasi imekosea. Mwekee kama unavyowawekea watoto wako.


17.

Simu ameiweka chini bila kuikata. Nasikia kopo la sukari linafunguliwa. Nasikia kijiko kinagonga kikombe, kinagonga, kinagonga, na sauti yake inasema meza mjukuu wangu, meza tena, haya, na moja zaidi.

Skolastika kanishika bega. Ananiuliza kimya kimya, anakunywa?

Nimenyanyua mkono anyamaze. Kijiko kimeacha kugonga, na sasa nasikiliza kama bado anameza.